Kukimbia kwenye barafu bila kuvunjika: namna ya kuchagua, kuvaa na kutunza viatu vya njumu za baridi

Kama unapoishi baridi ikija maji yote barabarani yanaganda, na hutaki kuacha kukimbia miezi mitatu minne mizima, basi haya ni ya kwako. Mi nimeshakimbia misimu kadhaa ya baridi na viatu vya njumu, nimeanguka, nimeinuka, nimeharibu pea mbili kwa kutojua, na kuna vitu natamani kuna mtu angenikalisha chini akaniambia mapema. Cha kwanza, na ndo kikubwa kuliko vyote: njumu hazizuii kuteleza kila mahali, zinazuia pale tu zinapoweza kuchoma. Ishike hiyo kwanza, mengine yote yanatokea hapo.

Tukisema njumu watu wengi wanawaza viatu vya mpira wa miguu, au zile spaiki za wakimbiaji wa uwanjani. Sizo kabisa. Spaiki za uwanjani ziko mbele tu, chini ya vidole, kisigino hakina kitu, zimetengenezwa kwa mtu anayekimbia kwa ncha ya mguu kwenye uwanja wa raba, sasa we teremka nazo kilima chenye barafu uone, kisigino ndo kinagusa kwanza na hapo hapo unajikuta umekaa. Na njumu za mpira wa miguu mara nyingi ni plastiki ngumu, plastiki ngumu juu ya barafu ni kama umevaa sahani miguuni. Viatu ninavyosema mimi ni viatu vya kukimbilia vya kawaida tu ambavyo soli yake imepachikwa vipini vidogo vya chuma, vimesambaa mbele, pembeni na kisiginoni, vinachomoza milimita chache, pea nyingi zina kati ya 9 na 20 hivi kwa kila kiatu. Salomon Spikecross kwa mfano wanaweka 9, kuna kampuni ya Sweden inaitwa Icebug ilianza mwaka 2001, hao viatu vya barafu ndo kazi yao hasa, kuna VJ ya Finland ambao mizizi yao ni zile mbio za porini za kutafuta njia kwa ramani na dira, maana wale jamaa walishavaa njumu za chuma zamani ili wasiteleze kwenye magogo na mawe yenye maji. Sikwambii ununue ya nani, nakwambia ujue unaangalia nini.

Lakini kabla ya kiatu, tuongee barafu yenyewe, maana hapa ndo watu wanakosea. Barafu sio moja. Juu ya barafu kuna utando mwembamba sana wa kama maji, na jinsi hali ya hewa inavyokaribia nyuzi 0 ndivyo huo utando unavyozidi, ndo maana siku inayoonekana "leo afadhali, hakuna baridi sana" inakuwa siku mbaya kuliko ile ya nyuzi 15 chini ya sifuri. Kwenye baridi kali theluji iliyoshindiliwa inakuwa kavu, ukiikanyaga inalia kabisa kwii kwii, hata kiatu cha kawaida chenye soli ya meno kinashika vizuri tu. Theluji mpya laini iliyoanguka usiku nayo haitaki njumu, inataka meno marefu ya raba kama ya viatu vya njia za milimani, milimita 4 mpaka 6, njumu fupi zinaelea tu humo ndani hazijagusa chochote. (Ila angalia, theluji mpya inaweza kuwa imefunika barafu ya jana, hiyo ni mtego.)

Siku ya njumu ni ile ambayo mchana uliyeyusha na usiku ukagandisha. Maji yanatiririka toka pembeni yanakatiza njia, halafu alfajiri yanakuwa kioo. Au mvua imenyesha juu ya ardhi iliyoganda. Hapo lami inaonekana imelowa tu, nyeusi, inang'aa kidogo, kumbe sio maji ni barafu nyembamba isiyoonekana, na hii ndo imeshavunja watu wengi mikono. Kwahiyo mimi siangalii nyuzi za asubuhi peke yake, naangalia jana mchana ilikuwa ngapi na usiku ilishuka mpaka ngapi. Ikiwa jana ilivuka 0 kwenda juu na usiku ikarudi chini, navaa njumu bila kubishana na mtu. Alafu nikitoka mlangoni nasimama, naburuza mguu mmoja mbele nyuma pale pale, sekunde tano tu, naujua uso wa barabara ya leo.

Sasa njia za kupata njumu ni tatu. Kuna kiatu kilichotoka kiwandani nazo, kuna vya kuvalisha juu ya kiatu chako ambavyo unavivua ukitaka, na kuna kujiwekea skrubu mwenyewe nyumbani. Ipi ni ya kwako inategemea njia yako ina barafu kiasi gani. Kama zaidi ya nusu ya njia yako ni barafu au theluji iliyoshindiliwa kwa wiki nyingi mfululizo, chukua kiatu kamili, hutajuta. Kama ni vipande vipande, lami kavu kilomita mbili, barafu mita mia, lami tena, basi vya kuvalisha vina maana zaidi maana njumu za kudumu juu ya lami kavu muda mrefu zinachosha miguu na zinakwisha bure.

Ukienda kuchagua kiatu kamili kitu cha kwanza kugeuza ni soli, sio rangi. Angalia ncha ya njumu imetengenezwa na nini. Unachotaka ni kabaidi ya tangsteni, ile ile inayotumika kwenye njumu za matairi ya magari na ncha za drili za kutobolea zege, kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs ambacho almasi ni 10 yenyewe iko kama 9, kwahiyo ukipita kwenye lami kidogo haiishi. Chuma cha kawaida kitakushika vizuri wiki za mwanzo alafu kinakuwa butu, unabaki na vipele vya mviringo ambavyo ni hatari kuliko kutokuwa navyo, manake unajiamini na huku hakuna kitu. Ncha ya kabaidi utaiona ni kadoti kadogo ka kijivu katikati ya kipini, kipini chenyewe kinaweza kuwa chuma au aluminiamu, pitisha kidole taratibu, inatakiwa ikwaruze.

Cha pili, raba ya soli. Watu wanahesabu njumu wanasahau kwamba eneo kubwa la kiatu ni raba. Raba nyingi zikipigwa na baridi zinakuwa ngumu kama ubao, na raba ngumu haishiki. Ibonyeze kwa ukucha wa kidole gumba, inatakiwa ibonyee na kurudi, ikiwa ngumu ukiwa ndani kwenye joto basi nje itakuwa jiwe. Alafu angalia njumu zimekaa wapi. Nataka nione za pembeni mwa kidole kikubwa, za nje pembeni, na angalau tatu nne kisiginoni. Kuna viatu vingine vimejaza njumu mbele kisigino kimewekewa mbili kwa ajili ya sura tu. Viatu vingine njumu zake zinazama kidogo ndani ya soli ukikanyaga kitu kigumu na kutoka tena ukikanyaga kitu laini, hizo ni nzuri kwa mtu anayechanganya barabara na msitu, zinapunguza ile hali ya kutembea juu ya kokoto.

Saizi, chukua nusu zaidi ya unayovaa siku zote, kwasababu utavaa soksi nene ya sufu na vidole vikibanwa damu haipiti na vidole vinaganda kwanza kabla ya kitu kingine chochote. Lakini kisigino kisicheze hata kidogo. Hili nalisisitiza, njumu zikishika barafu kiatu kinasimama pale pale, kama mguu wako unaogelea ndani basi mguu utaendelea kwenda wakati kiatu kimekataa, na hapo ndo kifundo kinapinda. Kwahiyo jaribu na soksi yenyewe ya baridi, funga kamba mpaka tundu la mwisho la juu, panda na kushuka ngazi uone. Habari ya kiatu kisichopitisha maji kama chenye Gore-Tex, mi naona inafaa kama njia yako ina tope la theluji la maji maji, kinakukinga vizuri, ila theluji ikiwa ya kina kirefu inaingilia kwa juu na ikishaingia humo haitoki, unabeba dimbwi. Kwa baridi kavu kiatu cha kawaida na soksi ya sufu kinatosha kabisa, sufu ikilowa bado inakupa joto, pamba hapana.

Vya kuvalisha juu ya kiatu navyo havifanani. Vile vya minyororo yenye meno ya karibu sentimita 1, mfano MICROspikes za Kahtoola, ni vya njia za milimani zenye barafu nene na miteremko, humo vinashika kwelikweli, lakini ukivileta kwenye lami kila hatua ni kama unakanyaga mawe na magoti yatakudai. Kwa barabarani tafuta vile vya raba vyenye njumu fupi za kabaidi. Na vile vya waya uliosokotwa kama springi, ni vya kutembelea juu ya theluji iliyoshindiliwa, kwenye barafu laini ya kioo vinateleza na waya ukisuguliwa na lami unakatika, kukimbilia mi sivishauri. Ukivalisha, vaa ukiwa umekaa, vuta mpira mpaka mbele ikae katikati ya vidole sawasawa, kimbia dakika tano alafu simama ukague, manake vinapenda kuhamia pembeni vikishapata joto la mguu. Vikibana sana mbele vidole vitapoteza hisia, hiyo nayo ni dalili ya saizi ndogo.

Njia ya tatu ndo naipenda kuliko zote kwa mtu anayeanza, skrubu. Sio ubahili, ni kwamba unaweza kujua kama kukimbia kwenye barafu ni kitu chako kabla hujanunua chochote. Wakimbiaji wa milimani wameitumia miaka mingi, Matt Carpenter wa Colorado kule Marekani, aliyeshinda Pikes Peak Marathon mara nyingi, ni mmoja wa walioifanya ijulikane. Unachukua viatu vyako vya zamani ambavyo soli ya nje bado ina raba nzuri, hii ni muhimu, kuna viatu vya siku hizi chini ni povu tupu havina raba, skrubu haitashika humo. Unachukua skrubu fupi za bati zenye kichwa cha pembe sita, urefu inchi 3 kwa 8, yaani kama milimita 9 na nusu. Angalia kichwa chake, kiwe kimeinuka kingo na kina mfereji katikati, maana hicho kichwa ndo njumu yako, ncha ya skrubu inaingia kwenye soli, kichwa ndo kinauma barafu. Skrubu ya kichwa bapa au cha mviringo usihangaike nayo, itateleza.

Kaa chini, kiatu weka magotini soli juu. Chukua kalamu uweke alama 12 mpaka 16, nyingi zikae kwenye duara la nje, juu ya yale meno mazito ya raba, sita saba mbele, mbili mbili pembeni katikati, nne tano kisiginoni. Pale katikati kabisa chini ya ule mfupa wa kidole kikubwa, unapokanyagia kwa nguvu, acha wazi, ukiweka pale utaihisi kila hatua na soli pale inapinda mno itailegeza. Kama kiatu chako kina mfuko wa hewa au jeli kisiginoni, kaa mbali nao, ukiutoboa kiatu kimekufa. Tumia drili yenye kichwa cha robo inchi cha pembe sita, mwendo mdogo, sukuma wima, ikishaanza kubana na kichwa kimelala juu ya raba simama, ukizidisha unachana uzi wa raba na skrubu itadondoka siku ya kwanza. Bisibisi ya mkono pia inawezekana, ila skrubu 30 za mkono utaumia kiganja. Ukimaliza toa soli ya ndani, ingiza mkono, pitisha vidole kote polepole. Viatu vingi vya kukimbilia vina povu la sentimita 2 au zaidi mbele, na zaidi kidogo kisiginoni, kwahiyo skrubu ya milimita 9 haifiki, lakini vile viatu vyembamba vya kukimbia kama peku itafika, na hutaki kugundua hilo ukiwa kilomita 4 kutoka nyumbani. Weka skrubu kumi za ziada kwenye kibahasha, itadondoka moja moja, unarudishia tu. Baridi ikiisha unazifungua, viatu vinarudi kuwa vya kawaida.

Haya, umeshavaa, twende nje. Siku ya kwanza usikimbie zaidi ya dakika 20, sio kwasababu ya kuogopa, ni kwasababu njumu zinabadilisha mguu unavyofanya kazi. Kiatu cha kawaida kwenye lami kinateleza kidogo kila hatua bila we kujua, njumu hazitelezi, zinasimama ghafla, ule mshtuko unaenda kwenye ugoko na misuli ya nyuma ya mguu. Mtu aliyezoea kilomita 10 akaenda 10 siku ya kwanza kesho yake anashuka ngazi kwa makalio. Ongeza kidogo kidogo kwa wiki mbili.

Hatua fupi. Hili ndo somo lenyewe la mwendo wa barafu. Mguu ushuke chini ya mwili wako, sio mbele yako, ukiutupa mbele unatua na kisigino kwa pembe na njumu moja mbili tu ndo zinagusa, ila ukishusha mguu bapa njumu zote zinaingia kwa pamoja. Magoti yawe laini, mikono ifunguke kidogo kama mtu anayepita kwenye ukuta mwembamba, na usijisukume kwa ncha ya vidole kwa nguvu. Kwenye kona usikate, izungushe kwa hatua ndogo ndogo nyingi, punguza mwendo KABLA ya kona sio ndani ya kona. Mteremko ndo unatisha na woga unatufanya tuegemee nyuma, na kuegemea nyuma ndo kunatuangusha, uzito ukitoka juu ya miguu njumu hazina cha kuzishindilia. Egemea mbele kidogo na mteremko wenyewe, hatua fupi fupi za haraka, macho mita tatu nne mbele. Saa ya mkononi isahau, kasi ya majira ya joto usiitafute hapa, pumzi yako ndo kipimo.

Kitu kimoja ambacho sijaona watu wakikisema: acha hedifoni nyumbani, sikiliza miguu. Njumu za kabaidi kwenye lami zinalia tak tak tak, kavu, kali. Ukiingia kwenye barafu inakuwa krach krach, nzito kidogo, kama mtu anatafuna kitu kigumu. Kwenye theluji sauti inazama kabisa. Baada ya wiki mbili masikio yanajua barabara imebadilika kabla macho hayajajua, hasa alfajiri giza bado. Na giza lenyewe, tochi ya kichwani ni nzuri lakini ile ya kufunga kiunoni au kifuani inaonyesha barafu vizuri zaidi, mwanga ukitokea chini kila kigongo kinatoa kivuli na barafu inametameta, wa kichwani unafanya kila kitu kionekane tambarare. Vaa na kitu kinachoakisi taa za magari, dereva naye yuko kwenye barafu hiyo hiyo, na yeye breki zake hazishiki haraka. Ukiweza anza njia yako kwa kukabili upepo, urudi upepo ukiwa mgongoni, ukishatoka jasho alafu ukageukia upepo baridi itakukamata vibaya.

Na ukianguka? Utaanguka siku moja, hata na njumu. Kila mtu anataka kudaka chini kwa mkono ulionyooka, na hapo ndo kifundo cha mkono kinavunjika, ni mvunjiko wa kawaida sana wa msimu wa barafu. Kunja viwiko, jiachie upande, paja na bega vipokee, ukienda kinyumenyume vuta kidevu kifuani kichwa kisipige. Najua ni sekunde moja tu, ndo maana jaribu mara chache kwenye theluji laini mwili ujue. Glavu vaa hata kama husikii baridi, zinaokoa ngozi.

Sasa narudi kwenye lile nililosema mwanzo, njumu zinashika pale tu zinapoweza kuchoma. Siku moja nilikimbia kama kilomita 12 kwenye njia ambayo ilikuwa kioo kitupu, kioo cha kung'aa mwanzo mwisho, sikuteleza hata mara moja, nikarudi nimefurahi kwelikweli. Nikafungua mlango wa jengo, hatua ya kwanza ndani kwenye vigae, miguu yote miwili ikaondoka. Nilitua na kiwiko, kikavimba wiki mbili. Kigae ni kigumu, kilaini, njumu haiwezi kuingia, kwahiyo raba haigusi chini, umesimama juu ya vidoti kumi na kitu vya chuma vinavyoteleza kama kwenye mafuta. Tangu siku ile kila mlango nauingia kama mgonjwa, nashika kitu kwanza. Na sio vigae tu: mifuniko ya chuma ya mashimo ya barabarani, madaraja yenye sakafu ya chuma, mistari iliyopakwa rangi, ngazi za mawe yaliyosuguliwa, zege iliyopigwa laini. Njia yako ikiwa na hivi vitu vijue vilipo, vipite kwa kutembea. Ndani ya nyumba usiingie navyo kabisa, sakafu ya mbao utaitoboa toboa, weka kiti karibu na mlango na kipande cha zulia gumu, vua hapo.

Watu wanauliza pia kuhusu kukimbia juu ya ziwa lililoganda. Inawezekana na ni raha ambayo siwezi kuieleza ikatosha, kuna watu wanavuka ziwa Baikal kule Urusi kila mwezi wa tatu kwenye Baikal Ice Marathon, kilomita 42 na ushee juu ya maji yaliyoganda, upepo tupu na nyeupe kila upande. Lakini kile ni kitu kilichokaguliwa na kuwekewa alama. We mwenyewe, barafu ngavu isiyo na mapovu inatakiwa ifike angalau sentimita 10 ndo ibebe mtu, ile nyeupe yenye theluji ndani yake nguvu yake ni kama nusu, kwahiyo unahitaji mara mbili. Karibu na mahali mto unapoingia, chini ya madaraja na kwenye majani yaliyochomoza inakuwa nyembamba. Usiende peke yako. Njumu hazina msaada wowote kama barafu yenyewe imekatika.

Utunzaji sasa, na hapa ndo pea zangu mbili zilipoishia. Barabarani wanamwaga chumvi, chumvi inakula kila kitu, inakula gundi, inakausha raba, inashambulia chuma kinachoshika ncha ya njumu mpaka njumu inang'oka yenyewe. Ukirudi suuza soli kwa maji ya uvuguvugu, dakika moja tu. Toa soli za ndani, legeza kamba zote, jaza magazeti, baada ya saa moja au mbili toa yaliyolowa weka makavu. Usiviweke juu ya hita wala karibu na moto, najua inavutia, pea yangu ya kwanza ndivyo ilivyokufa, gundi ililainika mbele ikaanza kufunguka kama mdomo. Joto la chumba linatosha. Na vilale ndani ya nyumba, sio nje wala kwenye gari, povu la soli nyingi likipoa sana linakuwa gumu na unaanza kukimbia ukiwa umevaa matofali. Ila ukitoka navyo vikiwa na joto tembea dakika mbili tatu kwanza, theluji ikikutana na soli ya moto inayeyuka kidogo alafu inaganda upya katikati ya meno, unabeba madonge na njumu zinafunikwa.

Kila wiki pitisha kidole kwenye njumu zote ukiwa na mwanga mzuri. Hesabu. Moja ikipotea sio mwisho wa dunia, mbili za upande mmoja ni tatizo manake kiatu kitavuta upande huo. Kutu ya rangi ya chungwa kwenye kipini usiijali, inayoangaliwa ni ile ncha. Ikiwa bado ina kingo inakwaruza ukucha, endelea. Ikiwa imekuwa duara laini, au imezama ikawa sawa na raba, kipimo changu ni hiki: tafuta kipande cha barafu tambarare, shika ukuta au nguzo, simama mguu mmoja na uzito wako wote, jaribu kuzungusha kisigino pole pole kulia na kushoto. Njumu nzima zitakataa, utasikia zinauma chini na kuacha vijishimo vyeupe. Kiatu kikizunguka bila kubisha na barafu ikabaki safi haina hata mkwaruzo, hivyo vimeshamaliza kazi ya barafu, vihamishie kwenye matope na majani yaliyolowa.